Muhogo una batobato chini, juu unatoa majani safi. Kivipi?

Wenye vishamba Mkuranga na Kisarawe wananiuliza sana hili: majani ya chini yalijikunja yote kwa batobato, ule ugonjwa wa virusi, sasa haya ya juu yanatoka mazima na dawa sijapiga, imekuwaje? Mche umejitibu wenyewe, na kwa sisi tunaoshinda maabara na virusi vya mimea, hapo ndo patamu.

Mmea hauna damu, kwa hiyo kila seli inajipigania. Kirusi kikishaletwa na inzi weupe kinaanza kutengeneza RNA, yaani nakala za maelekezo ya jeni zake, na nyingine zinatokea zikiwa nyuzi mbili zilizoshikana, seli ikiona hivyo inashtuka. Kuna vimeng'enya vinaitwa Daisa, vinaikatakata hiyo RNA vipande vya herufi 21 mpaka 24, halafu protini nyingine, Agonauti, inabeba kipande kama polisi mwenye picha ya mtuhumiwa, ikikuta RNA inayofanana nacho inaikata palepale. Na taarifa hiyo inasafiri seli hadi seli mpaka kwenye machipukizi, ndo maana jani jipya linatoka limeshajiandaa. Ila usikate pingili hapo kwa kujiamini, kupona si lazima kirusi kiwe kimeisha.

Virusi navyo vimejipanga. Vya batobato vina protini za kuzima hii kinga, AC2 na AC4, na nguvu zake hazilingani kati ya kirusi na kirusi. Kikiwa kimoja mmea unaweza kukimudu, vikikutana viwili vinasaidiana kuzima, hapo muhogo unadumaa vibaya mno. Lile janga la Uganda miaka ya 1990 lililokuja kufika kanda yetu ya Ziwa, mihogo iliyoumia zaidi mara nyingi ilikuwa na virusi viwili kwa mpigo.

Halafu kuna ukinzani dhidi ya batobato unaoitwa CMD2, mbegu nyingi za muhogo zinautegemea. Mwaka 2022 ndo ikajulikana kwamba unatokana na badiliko dogo kwenye jeni ya DNA polimerasi, mashine ya muhogo ya kunakili DNA, na kirusi cha batobato, ambacho ni cha DNA, hakina ya kwake, kinaazima hiyohiyo! Sasa kirusi cha michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa muhogo, ni cha RNA, polimerasi kinakuja nayo chenyewe, CMD2 haikisumbui hata kidogo, ndo unakuta shamba halina batobato kabisa halafu unang'oa muhogo unakuta umeoza kwa ndani.