Je, wajua kwa nini mji wa Chefchaouen umepakwa buluu?

Ukiingia Chefchaouen, kaskazini mwa Moroko, kwa lango la Bab el-Ain, bado utaona kuta nyeupe hapa na pale. Rangi hukolea kadiri unavyopanda vichochoro: kuta, milango, vyungu vya maua, hata ngazi unazokanyaga, buluu tupu.

Waongoza watalii wengi watakuambia ni kazi ya Wayahudi. Mji huu ulianzishwa mwaka 1471 na Moulay Ali ibn Rashid katika milima ya Rif, uwe ngome ya kuwakabili Wareno, ambao walikwisha kuutwaa mji wa pwani wa Ceuta mwaka 1415 na mwaka huohuo wa 1471 wakaiteka miji ya Asilah na Tangier. Granada, dola ya mwisho ya Waislamu huko Hispania, ilipoanguka mwaka 1492, Waislamu na Wayahudi waliotoka Hispania walikuja kutafuta hifadhi huku, na mapaa ya vigae na nyua za ndani ni alama yao mpaka leo. Kwa Wayahudi, buluu ni rangi ya mbingu, humkumbusha mtu Mola wake. Wapo pia wasemao kwamba waliopaka ni Wayahudi waliokimbia Ulaya miaka ya 1930.

Maelezo hayo yanavutia, ila hayatoshi. Mtaa wa Wayahudi, uitwao Mellah, ni kipande kidogo tu cha mji, na wengi wao walihamia Israeli baada ya 1948. Buluu imezidi kuenea walipokwisha kuondoka. Wengine hudai rangi hufukuza mbu, au hupoza nyumba. Kama shida ni joto, chokaa nyeupe ingetosha, maana huakisi jua kuliko buluu.

Chokaa yenyewe ndiyo inayonivutia zaidi. Sokoni utakuta magunia yamefunguliwa midomo, yamejaa unga wa rangi. Unga huo huchanganywa na chokaa na maji, kisha hupakwa kwa brashi. Ikiwa mbichi, rangi huwa nzito, ikikauka hupauka. Chokaa hufyonza hewa ya ukaa na kugeuka tabaka gumu kama jiwe, lakini mvua za Rif na nyayo za watu huichubua, kwa hiyo watu hurudia kupaka mara kwa mara. Tabaka juu ya tabaka, pembe za kuta na ngazi zimekuwa butu, utadhani zimefinyangwa kwa mkono.

Uwanja wa Uta el-Hammam, wenye Kasbah, yaani ngome ya kale, na msikiti wenye mnara wa pembe nane, upite upesi. Mikahawa yake ina kelele. Endelea hadi Ras el-Maa, maji yanapotoka mlimani na wanawake hufulia. Zamani usingefika kirahisi: Wakristo walizuiwa kuingia, na Mfaransa Charles de Foucauld aliingia mwaka 1883 akijifanya rabi. Wahispania waliuteka mji mwaka 1920.

Leo mgeni ndiye anayeifanya buluu isichakae. Picha zake huleta wageni wengine, na wenyeji wanalijua hilo vizuri: kuna vichochoro vilivyopambwa kwa vyungu na viti makusudi kwa ajili ya picha, na mwenye nyumba hukaa pembeni akisubiri dirhamu zake chache.