Hedhi Ikikoma, Usinyamazie Ukavu wa Uke

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, kati ya milioni 1 na 2, na haongezewi hata moja. Anapovunja ungo hubaki na laki 3 hadi 4. Yatakayopevuka na kutoka maishani mwake ni mia nne na ushei tu. Mengine hufia humohumo kwenye ovari, yaani mifuko ya mayai. Yakikaribia kwisha, estrojeni, homoni ya kike, hushuka, na hedhi huanza safari ya kukoma.

Hedhi haikomi ghafla. Kwa miaka kadhaa huja ikiruka: mwezi huu mapema, mwezi ujao nyingi, kisha kimya cha miezi 3. Joto hupanda kifuani na usoni, jasho humlowesha mtu usiku, usingizi hukatika. Wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na tunasema hedhi imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia. Aliyekoma kabla ya miaka 40 amwone daktari, kwa sababu mifupa na moyo wake vimekosa kinga ya estrojeni mapema mno.

Joto hilo kwa wengi hupoa lenyewe baada ya muda. Ukavu wa uke haupoi. Usipotibiwa huzidi, na ndio wanawake wanaounyamazia kuliko yote. Estrojeni ikipungua, ukuta wa uke huwa mwembamba, ute hukauka, na bakteria wazuri wanaolinda uke kwa asidi hupungua. Tendo la ndoa huuma. Maambukizi ya njia ya mkojo hujirudia. Mume hudhani hapendwi tena, mke huona haya kusema, na nyumba huingia baridi kwa jambo lenye dawa! Vilainishi vya maji husaidia, na krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, kwa dozi ndogo, husaidia zaidi. Ila aliyewahi kuugua saratani ya matiti amweleze daktari kwanza. Sabuni isiingizwe ndani, huzidisha ukavu.

Mji wa mimba nao husinyaa. Damu ikitoka baada ya ule mwaka wa kimya, hata tone, si hedhi iliyorudi. Mara nyingi chanzo ni wembamba huohuo wa ukuta, lakini inaweza kuwa saratani ya mji wa mimba, ambayo ikigunduliwa mapema hutibika. Nenda hospitali wiki hiyohiyo, usingoje itoke mara ya pili.