Kumhamishia samaki tangi kubwa: yanayosemwa na yaliyo kweli

Samaki wa dhahabu anayeuzwa na kibakuli cha lita tatu huwa na urefu wa kidole. Akitunzwa vizuri hufika sentimita 20 na kuzidi, na miaka kumi kwake si umri wa ajabu. Mwenye kumpenda atamhamisha tu, leo au mwakani. Tatizo ni kwamba wengi hufa wiki mbili tatu baada ya kuhamia kwenye tangi jipya linalong'aa, kisha lawama zinamwendea muuzaji. Muuzaji mara nyingi hana kosa. Wanaowaua ni sisi na mambo tunayoambiana.

"Samaki hukua kulingana na chombo chake."

Ni kweli samaki wa kibakulini hubaki mdogo, ila huko ni kudumaa. Maji yamejaa taka zake mwenyewe, oksijeni ni haba, na mwili unalipa gharama. Samaki wa dhahabu wawili watafutie lita 150 hivi, na tangi refu la kulala ni bora kuliko jembamba la kusimama, kwa sababu oksijeni huingilia kwenye uso wa maji. Kwa wa pwani hili ni zito zaidi: maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hubeba 7.5 tu.

"Hamisha maji ya zamani, ndiyo yenye bakteria wazuri."

Bakteria wapo kweli, lakini si humo. Samaki hutoa amonia, taka yenye sumu, kupitia matamvua yake anayopumulia, na kinyesi na chakula kilichobaki huiongeza. Kundi moja la bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, na hiyo samaki anaweza kuivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Hao bakteria hujishika kwenye sponji ya filta, kwenye changarawe na kwenye mawe. Wanaoelea majini ni wachache mno. Nimeshaona mtu anapandisha ngazi na ndoo za maji ya zamani, huku sponji yenye ute wa kahawia imeshatupwa jalalani kwa kuwa "ni chafu". Ute ule ndio mali yenyewe!

Kwa hiyo hamisha filta. Kama tangi jipya lina yake, ziendeshe zote mbili mwezi mzima au zaidi, au kata kipande cha sponji ya zamani ukiingize ndani ya mpya. Ikibidi kuisafisha, ikamue kwenye ndoo ya maji ya tangi la zamani. Bombani usiipeleke, maana klorini iliyowekwa kuua vijidudu haichagui vizuri na vibaya. Sponji isikauke, wala isifungiwe saa nyingi kwenye filta iliyozimwa, kwani bakteria hawa wanaishi kwa oksijeni. Umeme ukikatika katikati ya kazi, iweke sponji ndani ya ndoo ya maji ya tangi na uipulizie kwa pampu ya hewa ya betri. Asiye na filta ya zamani ajue kwamba kuanzia sifuri huchukua wiki nne hadi sita, kwa kawaida. Vichupa vya bakteria vya madukani? Vingine vinasaidia, vingine ni maji ya bei ghali.

"Maji yakiwa maangavu, tangi liko tayari."

Amonia na nitriti hazina rangi. Nunua vipimo vya matone. Zote mbili zisomeke sifuri.

"Anahema juu, basi hewa haitoshi."

Huenda. Lakini katika tangi jipya, shuku sumu kwanza. Amonia huunguza matamvua, na nitriti hubadilisha damu ikawa ya kahawia, isiweze kubeba oksijeni hata kama maji yamejaa mapovu. Pima, kisha badilisha robo hadi theluthi ya maji, na urudie kesho yake ikibidi. Pampu ya hewa haidhuru, ila haiondoi nitriti.

"Maji ya bomba yakilala usiku mmoja yametosha."

Klorini ya kawaida hupotea hewani kwa siku moja hivi, hasa ndoo ikiwa wazi na maji yakikorogwa na pampu. Kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, inayotumika katika miji mingi ya Marekani, haiondoki kwa kulaza. Hapo inahitajika dawa ya kuondoa klorini, na dawa hiyo haiharibu kitu hata ukiitumia kwa maji ya kawaida. Maji ya kisima hayana klorini, lakini visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Onja kabla hujajaza tangi.

"Acha mfuko wa samaki uelee tangini dakika 15, kisha mmimine."

Dakika 15 zinasawazisha joto, basi. Watu hujiuliza tofauti nyingine itoke wapi ilhali bomba ni lilelile. Inatoka kwenye umri wa maji: bakteria wanapofanya kazi huzalisha asidi, hivyo tangi la zamani huenda pH yake (kipimo cha uasidi; ikishuka, maji yana asidi zaidi) imeshuka sana na nitrati zimepanda. Mtie samaki kwenye ndoo yenye maji yake, kisha vuta maji mapya kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, matone mawili matatu kwa sekunde, kwa saa nzima. Samaki aliyesafiri saa nyingi mfukoni ni habari nyingine. Ukifungua mfuko, kabonidioksidi hutoka, pH hupanda, na amonia iliyojikusanya humo huwa kali zaidi. Huyo asicheleweshwe baada ya mfuko kufunguliwa.

"Kubwa limepatikana, tuongeze samaki."

Bakteria ulionao wanawatosha samaki ulionao. Ongeza mmoja au wawili, subiri wiki mbili, pima, ndipo uongeze tena.

"Libebeni tu, maji yako nusu."

Lita moja ni kilo moja. Tangi la lita 150, hata likiwa nusu, lina kilo 75 za maji zinazosukasuka, mbali na kioo na changarawe, na gundi ya silikoni kwenye pembe haikutengenezwa kwa ajili hiyo. Litoeni maji yote. Samaki mteke kwa bakuli, kwani wavu huparua ute wa mwili wake. Chakula mnyime tangu jana yake, na taa ya tangi jipya iwe imezimwa.

"Amepauka na amejificha, huyu anaumwa."

Siku ya kwanza na ya pili hiyo ni hofu tu, hata kula anaweza kukataa. Usimtilie dawa, nyingine huua bakteria wa filta. Chakula kisicholiwa kitoe baada ya dakika tano.