Kuokoa mafaili kwenye laptopu isiyowaka: maana yake khasa ni nini

Mtu akifika kwa fundi, iwe Darajani kule Unguja au Chake Chake kule Pemba, na laptopu yake kwapani, maneno ya mwanzo huwa ni yale yale: "Imekufa, na kazi zangu zote zimo ndani." Hapo ametoa habari mbili, na mara nyingi hazina uhusiano anaoudhani. Laptopu imekufa, kweli. Kazi zimo ndani, kweli pia, na aghlabu ziko vile vile alivyoziacha jana. Kuokoa mafaili ni kuzitoa kazi hizo bila ya kusubiri mashine ipone. Ni shughuli mbali na kuitengeneza laptopu, ina vifaa vyake, na ndiyo inayotakiwa kutangulia.

Sababu iko kwenye mashine yenyewe. Picha, barua, tasnifu, hesabu za duka, vyote vinakaa pahala pamoja tu: kwenye diski. Chaja, betri, kioo, kibodi na bodi, yaani ule ubao wa umeme unaounganisha vyote, havikuwekei chochote. Ramu, kumbukumbu ya muda ya mashine, hubeba kile unachokifanya wakati huo, na umeme ukiondoka inasahau. Ndiyo maana ukurasa ambao hukuwahi kuuhifadhi hakuna fundi wa kukurudishia. Diski haisahau. Ziko za aina mbili. HDD ina sahani zinazozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5400 kwa dakika, na juu yake kinaelea kichwa cha kusomea kilicho karibu mno na sahani kiasi kwamba chembe moja ya vumbi inatosha kuleta balaa. SSD haina kinachozunguka. Kila kitu kimewekwa kama chaji za umeme ndani ya chipu.

Windows, mfumo unaoiendesha laptopu, nayo inaishi kwenye diski hiyo hiyo, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Windows ikishindwa kuamka, mwenyewe anadhani diski nzima imekwenda na maji. Kumbe mafaili yake yako kwenye folda iitwayo Users, chini ya jina lake, na kuharibika kwa Windows hakujayagusa.

Kwa hiyo kabla ya yote, ijulikane mashine imekwama wapi. Haitoi taa wala sauti? Tatizo ni la umeme: chaja, tundu la chaja, betri au bodi. Kwetu visiwani hewa ya chumvi hula vyuma vya matundu haya bila ya huruma, kwa hiyo anza na chaja nyengine iliyo sawa na yako. Taa inawaka, feni inasikika, lakini kioo cheusi? Chomeka waya wa HDMI kwenye televisheni ya nyumbani. Picha ikitokea huko, kilichokufa ni kioo tu, na "kuokoa mafaili" kwako ni kuchomeka flashi na kunakili, basi. Alama ya kampuni inatokea kisha duara linazunguka bila ya mwisho, au skrini inageuka buluu? Mara nyingi ni Windows. Lakini ukiona ujumbe kwamba hakuna diski, au ukasikia tik, tik, tik kutoka ndani, zima. Hiyo ni habari nyengine, nitaifikia.

Nitie jambo moja hapa kuhusu umeme. Laptopu nyingi tunazonunua ni za mtumba na betri zake zimeshachoka, kwa hiyo mtu anaitumia ikiwa imechomekwa ukutani muda wote. Umeme wetu unapita kwenye nyaya chini ya bahari, Unguja ukitokea pwani ya Dar es Salaam na Pemba ukitokea Tanga, na waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 hawana haja ya kukumbushwa nini hutokea waya huo ukiharibika. Siku hizi ukikatika pengine ni kwa muda mfupi. Lakini laptopu isiyo na betri haihitaji miezi mitatu. Sekunde moja ikiwa Windows iko katikati ya kujisasisha inatosha kuifanya isiamke tena. Hasara ya namna hiyo inatisha kwa macho, na ndiyo iliyo rahisi kuliko zote kuokoa mafaili yake.

Njia yake ni flashi yenye mfumo endeshi mwengine. Ubuntu ndio unaotumika sana kwa kazi hii, ni wa bure, na flashi ya GB 8 au zaidi inatosha. Inatayarishwa kwenye kompyuta nyengine iliyo nzima, kisha inachomekwa kwenye laptopu mgonjwa. Unapoiwasha, unabonyeza kitufe cha kuchagua ianzie wapi: kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12, kwa HP nyingi ni F9. Ubuntu ukifunguka utakuuliza kama unataka kuujaribu au kuusakinisha. Chagua kujaribu. Ukichagua kusakinisha unaweza kuyafuta yale yale uliyokuja kuyaokoa. Ukijaribu tu, mfumo unatembea ndani ya ramu na diski yako inabaki haijaandikwa kitu. Unaifungua kama unavyofungua flashi yoyote, unaingia Users, unatafuta jina lako, unanakili kwenda kwenye diski ya nje. Pengine itakwambia kwamba unaruhusiwa kusoma tu, si kuandika, kwa sababu Windows haikuzimwa kikamilifu. Si neno. Kusoma ndiko tunakokutaka.

Wengi hushituka wakiona kwamba paswedi ya Windows haikuulizwa kabisa. Paswedi ile inalinda mlango wa Windows, hailindi diski. Aliyeiba laptopu yako anaweza kufanya hayo hayo, isipokuwa diski imewekewa kinga ya BitLocker, nayo nitaifikia.

Ikiwa bodi ndiyo iliyokufa, flashi haitasaidia maana hakuna kinachowaka. Hapo diski inatolewa. Kwenye laptopu za zamani kidogo ni kisanduku cha upana wa inchi 2.5 kilichofungwa kwa skurubu chache, na adapta ya kukiunganisha na USB ni kitu kidogo ambacho kila fundi anayejiheshimu anacho. Kwenye mpya zaidi ni kijiti chembamba kiitwacho M.2. Vijiti hivi vimefanana lakini ni vya aina mbili, SATA na NVMe, na adapta ya aina moja haisomi aina nyengine. Fundi akisema diski haisomeki, muulize kwanza adapta yake ni ya ipi. Zipo pia laptopu ndogo za bei nafuu ambazo hifadhi yake imechomelewa kwenye bodi, haitoki. Za Apple zenye chipu ya M1 na zilizofuata, kuanzia mwisho wa 2020, zote ziko hivyo, na juu ya hayo ufunguo wa kuyasoma mafaili umo ndani ya chipu yenyewe. Kwa hizo hakuna ujanja: bodi itengenezwe kwanza, angalau iwake kwa muda wa kunakili.

Sasa tuje kwenye BitLocker, kwa sababu siku hizi ndiyo inayoleta vilio. Ni kinga ya Windows inayoyasimba mafaili yote ya diski, yaani inayaandika kwa fumbo lisilosomeka bila ya ufunguo. Ufunguo huo hukaa kwenye chipu ndogo iliyo juu ya bodi. Laptopu ikiwa nzima huoni tofauti yoyote. Inajifungua yenyewe na hujui hata kama ipo. Ukiihamisha diski kwenye mashine nyengine, ukiifungua kwa flashi ya Ubuntu, au bodi ikibadilishwa, inadai namba ya dharura yenye tarakimu 48. Bila ya namba hiyo diski iko mkononi mwako, nzima, na hupati hata picha moja. Hakuna programu ya kuivunja, na anayekwambia anayo anataka pesa yako.

Namba yenyewe kwa kawaida imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeingia wakati kinga ilipojiwasha. Ndiyo maana fundi mjuzi huanza na suala linaloonekana halihusiani:

"Mwalimu, hii laptopu nani aliiwasha mara ya mwanzo?"

"Yule wa dukani. Alinitilia kila kitu, mimi nikapewa paswedi tu."

Basi ufunguo wa kazi za mwalimu, maksi za wanafunzi na mitihani ya skuli, uko kwenye akaunti ya muuza duka, ambaye pengine aliifungua akaunti hiyo kwa wateja wote na hakumbuki hata anwani yake. Kama laptopu yako bado inawaka, na unasoma haya kwa starehe tu, ingia kwenye mipangilio ya Windows, tafuta BitLocker au usimbaji wa kifaa, na kama imewashwa iandike namba hiyo kwenye karatasi. Usiihifadhi kwenye laptopu hiyo hiyo.

Sasa ile tik tik. Ni sauti ya HDD ambayo kichwa chake kinashindwa kusoma, kinarudi mwanzo, kinajaribu tena. Kila ukiiwasha, huenda kikazidi kukwaruza sahani, na kilichokwaruzwa hakirudi. Kwa hivyo usiiwashe "mara moja tu nione". Diski ambayo haijafikia kugonga, ila inasoma kwa taabu, inanakiliwa yote kwa pamoja kwenda diski nyengine kwa programu kama ddrescue, inayochukua kwanza sehemu nzima na kuzirudia zilizo mbovu baadaye, kisha mafaili hutafutwa kwenye ile nakala. Iliyokwisha kugonga inahitaji kufunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi na mtu mwenye vipuri vya kichwa. Duka lenye feni na mlango wazi kwenye barabara ya daladala si pahala pa kazi hiyo, hata fundi awe hodari vipi. Ile ya kuitia diski kwenye friji eti ipone tuiache; unyevu unaoganda ndani humalizia kilichobaki. Wala kuizika laptopu kwenye mchele ili ikauke si dawa, mchele haunyonyi chumvi: laptopu iliyoingia maji ya bahari izimwe, ichomolewe betri, ipelekwe bila ya kujaribiwa.

Jambo linalopoteza mafaili mengi kuliko diski mbovu, kwa ninavyoona mimi, ni kupiga window. Mteja anasema haiwaki, fundi anaona Windows imeharibika, anaisakinisha upya, laptopu inarudi inawaka kama mpya, na ni tupu. Wala si ubaya wa fundi peke yake. Hakuulizwa na hakuuliza. Faili likifutwa, diski huwa inafuta kumbukumbu ya wapi lilipo, na yaliyomo yanabaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, mithili ya kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo. Ndiyo maana programu kama TestDisk na PhotoRec, zote za bure, huweza kurudisha kitu hata baada ya kufuta. PhotoRec haitafuti majina. Inatambua picha kwa alama zake za mwanzo, kwa hiyo utapata maelfu ya picha zenye majina ya namba na utakaa kuzichambua. Lakini Windows mpya ni GB nyingi, na imeandikwa juu ya hayo mabaki. Kwenye SSD hali ni mbaya zaidi, maana Windows huiarifu diski kwamba nafasi fulani haihitajiki tena, na diski inaisafisha yenyewe. Kikisafishwa hakirudi.

Kuna suala ambalo maelezo ya kompyuta huwa hayaligusi, na kwetu ni kubwa. Ndani ya laptopu za majumbani mna picha za harusi, za singo, za siku ya kupaka hina, wanawake wakiwa wao kwa wao bila ya buibui. Wapo wanaoona bora laptopu ibaki kabatini kuliko kumkabidhi kijana wa dukani. Wasiwasi huo si ushamba. Anayeokoa mafaili anayaona. Lakini kuna njia: nenda na diski yako ya nje, kaa hapo hapo, na mwambie anakili kutoka diski moja kwenda nyengine, isipitie kwenye kompyuta yake. Kama tatizo ni Windows tu, flashi ya Ubuntu inafanyika nyumbani na ndugu au binti anayesoma mambo ya kompyuta, hakuna mgeni anayeingia. Na fundi akikukatalia kukaa naye, chukua mzigo wako uondoke.

Yakishanakiliwa usiangalie idadi tu. Fungua kadhaa kwa mkono: video moja mpaka mwisho, hati moja ndefu, picha za mwanzo na za mwisho kwenye folda. Linganisha ukubwa wa folda ya zamani na mpya. Kumbuka kwamba vitu vingine havimo kwenye Documents: vingi huachwa Desktop na Downloads, na mafaili ya programu za uhasibu pengine hukaa kwenye folda ya programu yenyewe, nje kabisa ya Users. Mwenye duka anayesahau hilo hupata picha zote za watoto na hapati deni hata moja la wateja. Ukishahakikisha yote hayo, ndipo fundi apige window anavyotaka.