Fruktosi ya Manii Haitoki kwenye Asali

Wiki hii tena mwanamume ameniletea majibu ya maabara yaliyoandikwa “fruktosi: hakuna”, akaniuliza ale matunda gani ili sukari hiyo irudi, mkewe alikuwa ameshaanza kumpa asali asubuhi na jioni. Nimeulizwa hivyo mara nyingi mno.

Fruktosi ya manii hutengenezwa na vifuko vya manii, tezi mbili zilizo nyuma ya kibofu cha mkojo, kutokana na glukosi ya damu, na vifuko hivyo ndivyo vinavyotoa takribani theluthi mbili ya majimaji yote. Kipimo chake kinatuonyesha mahali penye tatizo, hakipimi nguvu za mtu. Ikikosekana, huku manii ni machache, pH, yaani kipimo cha uasidi, iko chini ya 7.2 na mbegu hazionekani kabisa, tunashuku kwamba mirija ya kumwagia imeziba, au mwanamume amezaliwa bila mirija ya mbegu. Huyo anahitaji daktari ampapase korodani, apigwe altrasaundi, na pengine apimwe jeni ya CFTR, ambayo hitilafu zake zinaweza kumfanya mtu azaliwe bila mirija hiyo.

Linaloniudhi zaidi ni kosa la upande wa pili, yaani kumwambia mtu asiye na mbegu kwamba fruktosi ipo na kwa hiyo hana tatizo. Korodani zinaweza kushindwa kutengeneza mbegu hata moja, na vifuko vikaendelea kutoa fruktosi kama kawaida. Vilevile epididimisi, yaani mrija uliojikunja nyuma ya korodani ambamo mbegu hukomaa, ikiziba, fruktosi haipungui, kwa sababu vifuko humwaga majimaji yao baada ya kizuizi hicho, upande wa kutokea. Epididimisi tunaichunguza kwa kimeng’enya chake, glukosidasi-alfa isiyo ya asidi, na hata hicho hakitoshi, kwani mtu aliyeziba upande mmoja tu anaweza kupata jibu zuri.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2010 uliweka kikomo cha chini cha fruktosi kuwa mikromoli 13 kwa kila umwagaji, na cha zinki, madini yanayotolewa na tezi dume, mikromoli 2.4. Navitumia vikomo hivyo, lakini kwa shaka. Zinki hutoka zaidi na matone ya kwanza, hivyo yakipotea itashuka bila ugonjwa wowote. Nayo fruktosi huendelea kuliwa na mbegu zenyewe ndani ya kikopo kinapocheleweshwa. Ndiyo maana, kabla ya kusoma namba yoyote, humuuliza mhusika kama kuna tone lililoanguka nje, na akisita kujibu naomba sampuli nyingine.