Kutaja Programu Huria Katika Vitini vya Mafunzo: Ruhusa Inahitajika Wapi?

Wakufunzi wanaoandaa vitini huuliza mara kwa mara kama wanapaswa kuomba ruhusa kwa waundaji wa programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake (maandishi yanayoiunda) yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadilisha, kabla ya kuitaja katika somo. Kutaja jina la programu, kueleza inavyofanya kazi na kumwonyesha mwanafunzi mahali pa kuipakua hakuhitaji ruhusa ya mtu, kwa kuwa hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoandikwa au kuchorwa, wala haimzuii yeyote kulizungumzia jambo lenyewe.

Mambo hubadilika mkufunzi anapoanza kunakili. Hapo leseni haina budi kusomwa, na aghalabu huwa zaidi ya moja: msimbo wa QGIS, programu ya kutengeneza ramani, kwa mfano, hutolewa kwa GPL, mojawapo ya leseni za programu huria, ilhali mwongozo wake uko chini ya leseni ya Creative Commons inayodai chanzo kitajwe na kazi iliyotokana nao itolewe kwa masharti yaleyale. Kwa hiyo anayechukua sura ya mwongozo huo na kuirekebisha anaweza kuiuza pamoja na kozi yake, lakini hawezi kumkataza mwanafunzi kuinakili sura hiyo. Taasisi nyingi hulisahau sharti hili zinapopiga muhuri wa "haki zote zimehifadhiwa" kwenye kila ukurasa. Leseni ya MIT, inayotumiwa na programu nyingine huria, ni nyepesi zaidi. Inataka tu tamko la hakimiliki na maneno ya leseni yaambatane na msimbo ulionakiliwa.

Nembo ndiyo huwakwaza wengi, kwani uhuru wa msimbo hauendi hadi kwenye alama ya biashara. Leseni ya Apache ya mwaka 2004, nayo ya programu huria, inasema wazi kwamba haitoi ruhusa ya kutumia alama hizo, isipokuwa kwa matumizi ya kawaida ya kueleza asili ya programu. Debian nao, waundaji wa mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, baada ya kutofautiana mwaka 2006 na Mozilla, waundaji wa kivinjari cha Firefox, kuhusu jina na nembo ya kivinjari hicho, waliisambaza programu hiyo kwa jina la Iceweasel hadi mwaka 2016, ingawa msimbo wenyewe ulikuwa huria muda wote huo.

Kwa maoni yangu, barua ya kuomba ruhusa iandikwe pale nembo inapotakiwa kuwekwa kwenye jalada la kitini au kwenye cheti, mahali ambapo msomaji anaweza kudhani kwamba waundaji wa programu wameidhinisha mafunzo hayo.