Jiwe la kurushwa mlalo halikai hewani zaidi ya la kuachiwa

Huku Dodoma mawe makubwa yapo kila kona, na watoto wakipanda juu kurusha kokoto utasikia tu, eti ukiirusha kwa nguvu inachelewa kufika chini kuliko ukiiachia. Hapana jamani, hii tuiache kabisa maana wanafunzi wengi wa sekondari wanaibeba hivyo hivyo mpaka kwenye mtihani.

Chukua jiwe lenye kimo cha mita 5, chini pako tambarare. Wewe unaachia kokoto yako, mwenzako muda huo huo anarusha yake mlalo kabisa, tuseme kwa spidi ya mita 15 kwa sekunde. Zote zinagonga chini baada ya kama sekunde 1, ila yako iko hapo hapo chini ya jiwe na yake iko kama mita 15 huko mbele. Mkono ukishaachia kazi yake imeisha, hakuna nguvu inayoendelea kuisukuma kokoto, inayobaki ni graviti inavuta chini, inaongeza mita 9.8 kwa sekunde kila sekunde inayopita, na haijali kabisa kitu kinaenda mbele kwa spidi gani. Galileo, yule mwanasayansi wa Italia, alishayaandika haya tangu 1638!

Ila isiwe karatasi, hewa itaiyumbisha. Na ukielekeza mrusho juu hata kidogo, hapo kweli itachelewa.